Namba ya kwenye Lebo na Mwili wa Mnunuzi: Somo la Kuchagua Sidiria na Chupi

Utangulizi

Mnunuzi anayetafuta viatu huketi, huvivaa, hutembea hatua kadhaa, na vikimbana huvirudisha bila kuona haya. Mnunuzi huyohuyo anapotafuta sidiria au chupi hubadilika. Hunong'ona, huonyesha kwa kidole, hupokea kilichopo, hulipa haraka na kukificha mkobani. Akifika nyumbani akakuta vikombe havitoshi, mkanda unapanda mgongoni au mpira unakata mapaja, ni nadra kusema kwamba nguo ile imeshonwa vibaya. Husema, "Mimi mnene mno," au, "Matiti yangu yameharibika tangu nizae."

Somo hili linamhusu mnunuzi huyo, hasa aliyeko Iringa na mikoa jirani ya Nyanda za Juu Kusini, anayenunua madukani Miyomboni, sokoni Mlandege, kwenye minada ya vijijini au kwa mfanyabiashara apitaye na bidhaa begani. Tunalo jambo moja la kumweleza. Nguo ya ndani ni bidhaa kama bidhaa nyingine: ina vipimo, ina maelezo kwenye lebo, na ina muuzaji anayewajibika kwa maelezo hayo. Nguo isipouenea mwili, cha kukaguliwa kwanza ni nguo.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

- kueleza namba na herufi za saizi zinamaanisha nini;
- kujipima mwenyewe kwa futi ya fundi na kupata saizi yake;
- kukagua sidiria na chupi kabla ya kulipa;
- kueleza kwa nini nguo za ndani za mitumba zimekatazwa;
- kudai haki yake pale bidhaa isipolingana na maelezo yake.

1. Saizi zilikotoka

Sidiria ya kisasa haina umri mrefu. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob, mkazi wa New York, alipewa hataza ya Marekani kwa vazi jepesi la kushikilia matiti. Vazi lile halikuwa na vikombe vya ukubwa mbalimbali. Herufi za vikombe zilikuja baadaye: mwaka 1932 kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilianza kutumia herufi A hadi D kueleza ukubwa wa matiti, na kampuni nyingine zikafuata. Herufi hizo ndizo tunazozikuta leo kwenye lebo za bidhaa zinazouzwa Iringa.

Vipimo vya nguo za kike kwa ujumla navyo vina historia yake. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliendesha kazi kubwa ya kuwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja sehemu 59 za mwili, ili viwanda vipate jedwali moja la saizi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikutumika katika hesabu hiyo. Mwaka 1958 Marekani ilitoa kiwango cha saizi kilichojengwa juu ya takwimu hizo, na mwaka 1983 kiwango hicho kikaondolewa. Tangu hapo kila kampuni imeendelea kujipangia saizi kwa namna inayoona inafaa wateja wake.

Tunaitaja historia hii kwa sababu ina funzo la moja kwa moja kwa mnunuzi. Jedwali la saizi ni kumbukumbu ya miili iliyopimwa. Mwanamke ambaye watu wa umbo lake hawakupimwa hayumo katika jedwali hilo, na nguo iliyokatwa kwa kulifuata itamwenea kwa bahati tu.

Kuna sababu ya pili, nayo iko kiwandani. Kiwanda hutengeneza kwanza sampuli ya saizi moja, kwa kawaida ya kati, na kuijaribisha kwa mtu mmoja au wachache. Saizi nyingine hupatikana kwa kuongeza au kupunguza vipimo vya sampuli kwa kiasi maalumu. Miili haikui kwa hesabu hiyo. Mwanamke anayeongezeka nyonga haongezeki kiuno kwa kiasi kilekile, na mwenye matiti makubwa anaweza kuwa na mbavu nyembamba. Kadiri mnunuzi anavyokuwa mbali na saizi ya sampuli, ndivyo makosa ya mkato yanavyozidi kumwangukia.

Sababu ya tatu ni matumizi. Sidiria nyingi zinazoingia sokoni zimebuniwa kwa mtu anayeketi au kusimama bila mzigo. Mwanamke wa Kilolo huinama na jembe tangu alfajiri. Mchuma chai wa Mufindi hunyoosha mikono mbele siku nzima huku kikapu kikimwelemea mgongoni. Mama anayembeba mtoto kwa khanga hukaza kitambaa juu ya kifua na juu ya kamba za sidiria. Kwa kazi hizo, kamba nyembamba huchimba bega, waya hugusa ubavu na kulabu huchoma mgongo chini ya mzigo. Hayo ni mapungufu ya ubunifu, na mnunuzi anayo haki ya kuyataja kwa jina hilo.

2. Namba na herufi zinasema nini

Saizi ya sidiria ina sehemu mbili, kwa mfano 75B au 34B. Namba inahusu mzunguko wa kifua chini ya matiti, mahali mkanda unapokaa. Herufi inahusu kikombe, yaani tofauti kati ya mzunguko wa juu ya matiti na ule wa chini yake.

Katika mfumo wa Ulaya, unaotumika pia katika bidhaa nyingi kutoka China, namba ni sentimita za mzunguko wa chini ya matiti. Sidiria ya 75 imekusudiwa kifua cha takribani sentimita 73 hadi 77. Katika mfumo wa Uingereza na Marekani namba hutajwa kwa inchi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Zamani watengenezaji walichukua kipimo cha chini ya matiti kwa inchi kisha wakakiongezea inchi 4 au 5, na desturi hiyo imebaki katika lebo nyingi. Kwa hiyo 34 ya kwenye lebo si inchi 34 za kifua. Inalingana na 75 ya Ulaya, ambayo ni inchi 29 na nusu hivi.

Tuseme mwanamke amejipima chini ya matiti akapata inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, akaenda dukani akaomba sidiria ya 34. Atapewa nguo iliyokatwa kwa kifua kilicho chembamba kuliko chake kwa sentimita 11. Itambana, naye atajiona mnene, kumbe kilichomponza ni desturi ya hesabu ya zamani ambayo lebo haikumweleza.

Ulinganifu wa namba unaotumika zaidi ni huu:

- 70 ya Ulaya ni 32 ya Uingereza na Marekani;
- 75 ni 34;
- 80 ni 36;
- 85 ni 38;
- 90 ni 40;
- 95 ni 42.

Bidhaa za Ufaransa zina namba iliyozidi ile ya Ulaya kwa 15, kwa hiyo 75B ya Ulaya huandikwa 90B. Lebo yenye 90B inaweza basi kuwa na maana mbili zilizo mbali sana. Angalia kama lebo imetaja mfumo wake, na isipotaja, pima mkanda wenyewe.

Kwa herufi, kipimo cha Ulaya ni hiki: tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni kikombe A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D, na 20 hadi 22 ni E. Kuanzia D kwenda juu kampuni hutofautiana katika kutaja herufi, hivyo sentimita ni mwongozo ulio salama zaidi kuliko herufi.

Herufi pekee haielezi ukubwa wa titi. Kikombe C cha mkanda wa 75 ni kidogo kuliko kikombe C cha mkanda wa 90, kwa sababu herufi hueleza tofauti tu. Ujazo wa kikombe cha 85C unakaribiana na wa 90B na wa 80D. Maarifa haya yana faida na yana hatari, kama mfano wa sehemu ya nne utakavyoonyesha.

3. Jinsi ya kujipima

Kinachohitajika ni futi laini ya fundi cherehani, kalamu na karatasi. Jipime nyumbani, juu ya ngozi au juu ya sidiria nyepesi isiyo na sponji. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Iringa inapokuwa kali, wengi huvaa fulana, sweta na koti. Kipimo kilichochukuliwa juu ya sweta kitakuwa na sentimita kadhaa zisizo za mwili.

Hatua ya kwanza. Zungusha futi chini kabisa ya matiti, iwe sambamba na sakafu mbele na nyuma. Toa pumzi, kaza futi kiasi cha kushika bila kuumiza, kisha andika sentimita.

Hatua ya pili. Zungusha futi juu ya sehemu ya matiti iliyotokeza zaidi, bila kukaza. Kama matiti yamelala, inama kidogo mbele ili ujazo wote uhesabiwe, au yainue kwa mkono wakati mwenzako akipima.

Hatua ya tatu. Toa kipimo cha kwanza katika cha pili. Jibu ndilo linalokupa herufi.

Hatua ya nne. Kwa chupi, pima kiuno mahali mpira utakapokaa na nyonga mahali penye upana mkubwa zaidi, miguu ikiwa pamoja.

Titi moja kuwa kubwa kuliko jingine ni jambo la kawaida. Chagua kikombe cha lililo kubwa. Matiti hubadilika wakati wa ujauzito, wakati wa kunyonyesha, uzito unapoongezeka au kupungua, na hata ndani ya mwezi mmoja kwa mzunguko wa hedhi. Saizi ya mwaka jana si ahadi ya mwaka huu. Pima upya kila mabadiliko hayo yanapotokea, na mpime binti yako anayekua badala ya kukisia kwa macho.

4. Mfano wa hesabu

Tumchukue mnunuzi wa kubuni, mkazi wa Kihesa. Chini ya matiti ana sentimita 84 na juu ya matiti ana 101. Tofauti ni 17. Namba iliyo karibu na 84 ni 85, na tofauti ya 17 ni kikombe C. Saizi yake ni 85C, au 38C kwa lebo za inchi.

Anaingia dukani. Muuzaji hana 38C. Anamwambia, "Chukua hii arobaini B, dada, inavutika, itakutosha tu." Kwa upande mmoja muuzaji yuko sahihi: vikombe vya 40B, ambayo ni 90B, vina ujazo unaokaribiana na wa 85C, na vitaonekana kumkaa vizuri anapojitazama kwenye kioo. Lakini mkanda ni mrefu kwa takribani sentimita 5. Kazi ya kubeba uzito wa matiti kwa sehemu kubwa ni ya mkanda. Mkanda ukilegea, utapanda mgongoni, na uzito utahamia kwenye kamba za mabega. Jioni mabega yatauma na shingo itakaza. Ataongeza kukaza kamba, mkanda utazidi kupanda, na baada ya miezi michache atasema matiti yake ni mazito mno.

Mnunuzi huyu angeweza kusema hivi: "Kaka, mimi chini nina themanini na nne, juu mia moja na moja. Naomba themanini na tano C, au thelathini na nane C. Kama huna, nitarudi ukipata." Anayeona haya kusema mbele za watu aandike namba hizo kwenye karatasi na kuikabidhi. Muuzaji hahitaji kuutazama mwili wa mteja ili amhudumie. Anahitaji namba mbili.

5. Ukaguzi wa sidiria kabla ya kulipa

Sehemu nyingi za kuuzia hazina chumba cha kujaribia. Ukaguzi unawezekana hata hivyo.

Mkanda. Ulaze juu ya meza, uupime kutoka kulabu hadi mwisho wa pili. Ukiwa haujavutwa utakuwa mfupi kuliko kifua chako, na ndivyo inavyopasa. Uvute kwa nguvu ya kawaida: ufikie kipimo chako na ubakiwe na nafasi kidogo ya kuvutika. Ukifikia kipimo bila kuvutwa, ni mkubwa. Ukihitaji kushindana nao, ni mdogo. Uachie, mpira mzuri hurudi mara moja.

Kulabu. Sidiria mpya ifungwe kwenye kulabu za nje, yaani zile zinazolegeza zaidi. Kulabu za ndani ni akiba ya baadaye mpira utakapolegea. Ikiwa mpya inakutosha kwa kulabu za ndani tu, haitadumu.

Kamba. Kwa kikombe kikubwa na kwa kazi za kuinama au kubeba, chagua kamba pana. Hakikisha kirekebishi hakitelezi chenyewe ukiivuta.

Waya. Bonyeza ncha zake kwa kidole. Kitambaa kinachouzunguka kiwe kizito na mshono uwe umefungwa vizuri. Waya ukae kwenye mbavu, usikae juu ya titi. Kwa mama anayenyonyesha, ni vyema kuepuka waya na mkanda unaobana, maana mgandamizo wa kudumu unaweza kuchangia kuziba kwa mirija ya maziwa.

Vikombe. Sponji iliyofinyangwa ina umbo lake tayari na haifuati umbo la titi. Ikiwa juu kunabaki nafasi tupu huku pembeni nyama inatoka, umbo halikufai hata kama namba ni sahihi. Kikombe cha kitambaa kilichounganishwa kwa vipande viwili au vitatu mara nyingi humkaa vyema mwanamke aliyezaa au mwenye matiti yaliyolala.

Kujaribu juu ya nguo. Vaa fulana nyepesi chini ya sweta, uombe ruhusa ya kuijaribu sidiria juu ya fulana hiyo. Inua mikono juu, kisha inama kama unayeokota kitu. Mkanda ukipanda au vikombe vikihama, usinunue.

Tuongeze tahadhari moja. Wapo wanaoamini kwamba sidiria ya kubana au yenye waya husababisha saratani ya matiti. Utafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, Seattle, uliochapishwa mwaka 2014, haukuona uhusiano kati ya kuvaa sidiria na saratani hiyo kwa wanawake waliokoma hedhi. Sidiria mbaya huleta maumivu na michubuko, na hizo ni sababu za kutosha kuikataa. Lakini anayeona uvimbe kwenye titi, chuchu inayotoa damu au ngozi iliyobonyea asiilaumu sidiria na kungoja. Aende kituo cha afya mapema.

6. Ukaguzi wa chupi

Chupi huuzwa kwa herufi S, M, L na XL, au kwa maelezo ya "saizi moja kwa wote". Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote: L ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa M ya mwingine. "Saizi moja kwa wote" nayo humaanisha kwamba mpira umeachiwa kazi ambayo mkato ulipaswa kuifanya.

Fikiria mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 74 na nyonga ya 106. Chupi iliyokatwa kwa kiuno chake humkata mapajani. Iliyokatwa kwa nyonga yake hulegea kiunoni na kushuka anapotembea. Suluhisho liko katika mkato: upande wa nyuma uwe mpana na mrefu kuliko wa mbele, na tundu la mguu lifuate mzunguko wa paja. Ilaze chupi mezani uangalie. Ikiwa mbele na nyuma ni sawasawa kabisa, haikumkusudia mwenye makalio.

Mpira wa kiuno, ukivutwa bila nguvu nyingi, ufike kipimo cha nyonga, kwa sababu lazima upite hapo ndipo ufike kiunoni. Pima upana wa chupi ikiwa imevutwa, uuzidishe mara mbili, ulinganishe na kipimo chako.

Kisha angalia kiraka cha katikati, kile kinachokaa kati ya mapaja. Kiwe cha pamba hata kama chupi nzima ni ya nailoni au poliesta. Vitambaa hivyo havinyonyi jasho kama pamba, na unyevu unaokaa huwapa fangasi nafasi ya kustawi. Kiraka kiwe na upana wa kutosha: kikiwa chembamba, mshono hukaa juu ya ngozi laini na kuikwaruza, na wakati wa hedhi pedi haipati mahali pa kushika. Binti anayekosa utulivu darasani kwa kuhofia pedi kuhama huenda hahitaji pedi nyingine. Huenda anahitaji chupi yenye kiraka kipana.

7. Suala la mitumba

Kiwango cha taifa kuhusu nguo zilizotumika kinakataza nguo za ndani za mitumba, zikiwamo chupi na sidiria. Sababu ni afya na usafi: nguo hizo hugusa sehemu nyeti za mwili, na mnunuzi hawezi kwa macho kujua historia yake wala kama zimesafishwa ipasavyo.

Hata hivyo, msomaji anajua kwamba sidiria za mitumba huonekana sokoni, na kwamba wapo wanawake wanaoziendea kwa hiari hata kama wana fedha ya kununua mpya. Ukiwauliza, watakwambia kwamba kwenye rundo la mitumba wanapata mkanda mpana, kikombe cha E na mpira ulio imara, wakati dukani wanakuta mpya za B na C tu zenye sponji. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Katazo linaiondoa bidhaa hatari. Peke yake haliweki mahali pake bidhaa inayomfaa mnunuzi.

Lakini sidiria iliyotumika ina hasara hata katika lile linalosifiwa. Mpira huchoka kwa kuvaliwa, kufuliwa na kukaa juani. Mkanda unaokukaa leo kwa kulabu za ndani umekwisha kutumia sehemu kubwa ya maisha yake, na uliulegeza mwili wa mtu mwingine. Njia iliyo salama ni kudai saizi hizo katika bidhaa mpya, kwa sauti inayosikika.

8. Haki na wajibu

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti yanayomlinda mnunuzi: bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, akategemea utaalamu wake, apewe bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009 inalipa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mamlaka ya kuweka viwango na kusimamia ubora wa bidhaa.

Kwa lugha ya kila siku: lebo ikisema pamba na kitambaa kikawa nailoni, hilo ni dai lisilo kweli. Lebo ikisema 85 na mkanda ukashindwa kufika 75 hata ukivutwa, bidhaa hailingani na maelezo yake. Bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" linaweza kumhusu aliyebadili mawazo. Lisichukuliwe kuwa limefuta haki ya aliyeuziwa kitu tofauti na alichoelezwa.

Mnunuzi naye ana wajibu. Adai risiti. Aiweke lebo mahali pake mpaka aridhike. Ajaribu nguo ya ndani juu ya nguo safi, kwa kuwa muuzaji ana sababu halali ya kukataa kurudishiwa iliyokwishavaliwa mwilini. Aeleze kasoro kwa vipimo: "Mkanda huu ni mfupi kwa sentimita 8" ni malalamiko yanayoweza kuthibitishwa, "hainipendezi" si hivyo. Wasipoelewana, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, au TBS kwa suala la ubora. Ofisi ya TBS ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya.

9. Neno kwa wauzaji na mafundi

Muuzaji wa rejareja mara nyingi hununua kwa dazeni zilizokwisha kupangwa, na huagiza tena kile kilichotoka. Mteja aliyekosa saizi yake akaondoka kimya haachi alama yoyote katika hesabu za duka. Muuzaji huamini kwamba 85D haihitajiki, kumbe walioihitaji waliona haya kuitaja. Tunapendekeza daftari dogo la saizi zilizoulizwa zikakosekana. Baada ya mwezi mmoja, daftari hilo litamwongoza kwenye agizo linalofuata Kariakoo kuliko makisio yoyote.

Kwa mafundi cherehani, hapa pana kazi. Chupi ya pamba na sidiria ya kitambaa isiyo na waya vinaweza kushonwa kwa cherehani ya kawaida yenye mshono wa zigizaga, kwa kipimo cha mteja. Anayetaka kuanza anaweza kuomba ushauri katika ofisi ya SIDO ya mkoa na mafunzo ya ushonaji VETA. Fundi akitunza vipimo vya wateja wake bila majina, atakuwa na kitu ambacho jedwali la mwaka 1941 halikuwa nacho: miili ya wanawake wa hapa.

10. Zoezi

1. Jipime kwa hatua za sehemu ya tatu. Andika saizi yako kwa mfumo wa Ulaya na wa inchi. Ilinganishe na lebo ya sidiria unayoivaa sasa.

2. Mnunuzi ana sentimita 78 chini ya matiti na 97 juu. Saizi yake ni ipi? (Jibu: tofauti ni 19, kikombe D, namba iliyo karibu ni 80. Saizi ni 80D, au 36D.)

3. Chukua chupi tatu ulizonazo zenye herufi moja. Pima kiuno na upana wa kiraka cha kila moja. Je, zinalingana?

4. Katika kikundi chenu cha vikoba au cha kanisani, msikitini au shuleni, orodhesheni saizi ambazo wanakikundi wamezikosa madukani, bila kutaja majina. Mpelekeeni muuzaji mnayemwamini orodha hiyo, mkamuulize ni lini ataweza kuzileta.